Wanangu wanasema nipumzike, daktari anasema nitembee. Nimsikie nani?

Mwalimu_Mstaafu:
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo. Nina miaka 69, nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nikastaafu. Nina kisukari aina ya pili kwa miaka mingi, presha, na goti la kulia lililosagika. Dawa zangu ni metformini ya sukari asubuhi na jioni, atenololi ya presha, na kile kidonge cha kukojosha.

Kinachonisumbua ni uchovu. Usingizi ninao, nalala usiku kucha, lakini naamka mwili mzito. Ikitokea siku nimeamka mwepesi, naichangamkia yote: nafua, nafagia uwanja, napanga makabati, kisha natembea hadi kwa rafiki yangu na kurudi. Kesho yake sinyanyuki. Keshokutwa bado nakokota miguu. Nikipata nafuu, naanza tena.

Wanangu wakinikuta hivyo wananipokonya hata ufagio: "Mama kaa, kazi yako umeshamaliza." Daktari naye kila nikienda ananiambia nisikae. Sasa nifanye lipi? Mwenye hali kama yangu aniambie anaipangaje siku. Ushauri wa kunywa maji na kuacha mawazo nimeshapewa wa kutosha, ahsanteni.

Babu_Polepole:
Marahaba mwalimu. Nimekuzidi kidogo, mimi nina 76, na moyo wangu hausukumi damu inavyotakiwa.

Wote wawili wana haki, ila hakuna aliyekuambia saa ngapi ukae na saa ngapi utembee. Mimi siusikilizi mwili ndipo nipumzike, maana mwili husema "basi" ukiwa umeshazidisha. Nafuata saa ya ukutani. Dakika kumi za kazi ya kusimama, kisha nakaa, hata kama najiona kijana. Hasa nikijiona kijana! Hizo siku zako nyepesi ndizo zinazokuangusha. Fagia nusu ya uwanja leo. Nusu nyingine haina pa kwenda.

Angalia pia kazi zinazoinua mikono juu ya kichwa. Kuanika nguo kwenye kamba ya juu kunanikata pumzi kuliko kutembea. Nimeishusha kamba usawa wa kifua, na bafuni nimeweka kiti. Wajukuu walicheka, wakazoea.

Ukitembea, jipime kwa mdomo: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Sentensi ikianza kukatika katikati, punguza mwendo.

Nesi_Mstaafu:
Dada mwalimu, aliyosema mzee ni sahihi, lakini kabla ya kupanga ratiba mtafute mchawi. Uzee peke yake si maelezo ya uchovu wa namna hiyo.

Anza na dawa. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na dalili zake ni uchovu na ganzi za miguu, ambazo ni rahisi kuisingizia sukari. Omba kipimo. Kidonge cha kukojosha kinaweza kupunguza potasiamu, misuli ikalegea. Atenololi hupunguza kasi ya mapigo na baadhi ya watu huchoka nayo. USIIACHE MWENYEWE GHAFLA, presha na mapigo vinaweza kupanda vibaya. Mwambie daktari aamue. Wapime pia wingi wa damu (hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke ni upungufu), figo na tezi ya shingo.

Presha wakupime umelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo ndipo watu wanapata kizunguzungu na kuanguka, ilhali presha ya kwenye kiti inaonekana safi kabisa.

Na hilo la kulala usiku kucha ukaamka mzito: muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma na pumzi inakatika.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitaja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na kwa wa miaka 65 kwenda juu, mazoezi ya kutoyumba siku 3 au zaidi, hata kwa wenye magonjwa sugu. Namba zisikutishe, asiyezifikia afanye anachoweza. Kwa goti lako ningeanza na kuinuka kitini bila kujishika, polepole, mara chache, karibu na meza. Paja likiwa na nguvu, goti hupata nafuu.

Kifua kikibana, ukizimia, au pumzi ikikubana ukiwa umekaa, hayo si ya ratiba. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Kimya_Kingi:
Naongeza moja. Wapo ambao kujiongezea kidogo kidogo huwaangusha. Mimi tangu nilipougua virusi, nikizidisha hata kwa kuoga na kukunja nguo, kesho yake nalala chali, na inaweza kuchukua wiki. Kwa ugonjwa huo wa uchovu sugu, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotoka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kupandishwa hatua kwa hatua. Mama, ukijiona uko upande huu, mwambie daktari kabla hujaongeza chochote.

Mwalimu_Mstaafu:
Ahsanteni sana. Nesi, nimemuuliza mjukuu ninayelala naye chumba kimoja. Kasema, "Bibi unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, halafu unashtuka." Ganzi ya vidole vya miguu ninayo pia. Yote nimeyaandika kwenye karatasi ya kwenda nayo kliniki.

Babu, nusu ya uwanja itanitesa. Uwanja uliofagiliwa nusu naona kama ubao uliofutwa nusu, mkono unawasha. Na wanangu je, wewe wako uliwafanyaje?

Babu_Polepole:
Niliwagawia kazi mwalimu, badala ya kubishana nao. Ndoo, kamba ya juu na kila kinachoinuliwa kutoka sakafuni ni chao. Kutembea asubuhi na kumwagilia maua ni kwangu, mtu asiguse. Nusu ya uwanja mpe mjukuu huyo mwenye masikio.