Tupeane uzoefu: babu yako aliishije? Imani, familia na jembe

Machame Juu: Wakuu, jana baada ya ibada tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka. Mkungu wa mshare, zile ndizi za kupika, ukapandishwa bei mpaka watu wakashangilia, mimi koo limenikaba. Babu yangu hakuwahi kupeleka kanisani mkungu wa pili kwa ubora. Ule mzuri kuliko yote kihambani, yaani shamba la ukoo, ulikuwa wa Bwana, nyumbani tulikula uliofuata. Alikuwa mtu wa kahawa tangu enzi za wazee walioanzisha KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933, na ada za wanawe wote zilitoka kwenye mibuni. Msimu ukifika tunachuma mchana, jioni hiyo hiyo tunazungusha mashine ya kumenya kwa mkono, maana matunda yakilala yanaharibu buni. Hakuna kula mpaka kazi iishe, na yeye mwenyewe hali. Bei ilipoporomoka baada ya 1989 majirani waling'oa, wakapanda nyanya. Yeye akaendelea kupogoa. Haya, tupeane uzoefu.

Kitindamimba: Umesahau zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Wa kwangu alikuwa anakesha mferejini na kurunzi, na asubuhi yupo kanisani.

Binti Wete: Assalaam alaykum. Babu yetu Pemba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na mchumaji wa karafuu. Alfajiri anasalisha, jua likichomoza yuko juu ya mkarafuu, amelivuta tawi kwa kamba. Usiku tunakaa ukumbini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) huku, naye anatusikiliza sura zetu. Ukikosea aya anakurudisha bila kunyanyua macho. Wachumaji wake aliwapimia pishi kwa mkono wake na kuwalipa kabla hawajanawa. Mola amrehemu.

Mzaramo Mweusi: Amin.

Sauti Kavu: Samahani kwa wafiwa, lakini tusiwapake mafuta wazee wote. Wa kwangu alikuwa mzee wa kanisa, na ukisinzia kwenye sala ya jioni unakula fimbo. Bibi alilima kuliko yeye na jina lake halikutajwa kwenye shukrani hata mara moja.

Kitindamimba: Fimbo ndiyo iliyokusomesha, mkuu.

Sauti Kavu: Alinisomesha bibi, kwa kuuza maziwa. Usinisemee.

Machame Juu: Jamani, uzi ni wa kumbukumbu. Ya bibi pia yaandikwe.

Mtoto wa Kasulu: Nimesoma hapo kwenye bibi nikashindwa kunyamaza. Babu yangu aliondoka Buha, kwetu Kigoma, kabla ya Uhuru, akaenda Tanga kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba. Alimwacha bibi na mtoto mmoja, ambaye ndiye baba. Kule unakata majani, unatoa mwiba wa nchani, unafunga thelathini thelathini, na siku haiandikwi kwenye kipande, kadi yako ya kazi, mpaka umalize. Nyapara wa shamba la kwanza alikuwa anawanyima siku zao. Babu akatoroka usiku, akajiandikisha shamba lingine kwa jina jingine. Ndugu waliomtafuta wakajibiwa hakuna mtu huyo. Kisha mwenzao mmoja akarudi kijijini na habari kwamba amekufa. Matanga yakakaliwa. Mdogo wake akamrithi bibi, wakapata binti.

Siku moja babu akatokea njiani na sanduku la bati kichwani. Watu walikimbia. Bibi alikuwa anatwanga, akauacha mchi ndani ya kinu…

Naitwa kazini, nitarudi.

Binti Wete: Hee! Unatuachaje hapo?

Dereva wa Usiku: Malizia mkuu, nimeegesha gari.

Mzaramo Mweusi: Mambo ya kahawa yasubiri kwanza.

Mtoto wa Kasulu: Nimerudi. Wazee walikaa chini ya mti tangu asubuhi. Babu mdogo alikuwa ameshafunga mkeka wake, tayari kuhama. Wengine wanadai ng'ombe, wengine wanataka waganga waje wahakikishe kama huyu ni mtu au mzimu. Babu akasema hatagombana na aliyemlisha mwanawe, na bibi aulizwe mwenyewe. Bibi akajibu: "Nilifunga ndoa kanisani na huyu, na huyu mwingine hakuniacha nife njaa. Ninarudi kwa mume wangu, ila mtoto haondoki mikononi mwangu." Padre naye akasema ndoa ya kwanza ipo. Babu akamlea yule binti, akamsomesha kwa kupasua mbao na mdogo wake huyo huyo, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni. Shangazi anamwita baba mpaka leo.

Sauti Kavu: Hapa nanyoosha mikono. Ila shujaa wangu ni babu mdogo.

Dereva wa Usiku: Shujaa gani? Angesubiri!

Binti Wete: Asubiri nini na matanga yamekwisha kukaliwa? Mtoto ale nini?

Dereva wa Usiku: Sawa mama, nimekaa chini.

Kitindamimba: Wenye wazee hai, warekodini kwa simu leo. Wakiwa jikoni wanaota moto ndipo wanafunguka.

Mzaramo Mweusi: Usirekodi kabla ya kuomba ruhusa. Wa kwetu alipoiona simu alinyamaza wiki nzima. Nunua daftari, na umpelekee tumbaku.

Binti Wete: Tumbaku tena? Mpelekee halua.

Kitindamimba: Na aandike wosia wa kihamba mapema. Kwetu wajomba na baba wadogo hawasalimiani tangu mazishi.

Sauti Kavu: Wosia ndio ulioleta ugomvi kwetu. Mzee aseme mbele ya wote akiwa mzima.

Machame Juu: @Mtoto wa Kasulu, umewahi kuutafuta mwaka aliofunga ndoa? Nataka nijue pa kuanzia kwa wa kwangu.

Mtoto wa Kasulu: Ndiyo, uko kwenye daftari la ndoa la parokia. Nenda siku ya kazi, Jumapili katibu hana nafasi. Beba jina lake la ubatizo na la baba yake. Kama alibadili jina kama babu yangu, mtafute kwa jina la mkewe.