MJADALA: Kigoma tuajiri wanasaikolojia wa jamii au wazee wetu wanatosha?

Mwana Ujiji (mleta mada)
Mwakeye wadau. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six anataka akasome saikolojia ya jamii na utamaduni, baba kagoma kabisa, anasema kozi gani hiyo ya kwenda kufundishwa kuongea na watu wakati bibi yenu hajakanyaga hata darasa la kwanza na mtaa mzima unakuja kulia kwake. Namtetea mdogo wangu ila moyoni mzee namuelewa nusu. Sasa swali langu ni hili, halmashauri zetu huku zitenge ajira za watu hawa au hela hiyo waongezewe wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazee wa mitaa? Na mjue kwetu hapa mtaa mmoja unamkuta Muha, Mmanyema, Mbembe, Mrundi, msikiti huku kanisa kule, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Karibuni, matusi hapana.

Dagaa wa Jua
Baba yuko sahihi mia kwa mia. Saikolojia ni ya wazungu bana. Kuna hesabu ilifanywa 2008 kuhusu majarida makubwa ya saikolojia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na nchi hizo zina kama asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Yaani kijana wa chuo kule Marekani kapimwa alafu majibu yanaletwa Mwandiga. Mi na hela yangu ya kodi hapana.

Mwanachuo_Gungu
Mkuu hio hesabu ndo inakupiga wewe mwenyewe, kwani saikolojia ya utamaduni inasomewa nini kama sio kuuliza hilo hilo? Na ya jamii ilipata jina lake Swampscott, Massachusetts mwaka 1965, wanasaikolojia walikutana wakaona kukaa ofisini kusubiri mgonjwa mmoja mmoja hakutoshi, inabidi uende mtaani uangalie nyumba, kazi, ubaguzi, uzuie kabla mtu hajaanguka. Wazungu ndio, ila walikua wanawagomea wazungu wenzao.

Dagaa wa Jua
Maneno mazuri. Niletee mtu aliyepona.

Nesi Mstaafu
Wanangu ngoja niingie, nimekaa dirisha la zahanati miaka mingi huko vijijini ziwani. Alikua anakuja mama mmoja, kila wiki mbili yupo, "nesi kichwa kinawaka, moyo unadunda, usiku silali." Tunapima malaria hamna, tunampa panadol anaenda, anarudi. Wakaja vijana na fomu ya maswali imetafsiriwa, wanamuuliza je unajiona huna thamani, mama wa watu anacheka, akajibu thamani ya nini, mimi ni mtumbwi? Fomu ikaandikwa hana tatizo. Siku moja dirisha limepoa nikamuuliza tu mama, nyumbani mnalalaje? Akakaa chini. Kumbe mume alikufa maji, ndugu wa mume wakachukua mtumbwi na nyavu, na yeye ni wa kuja, katoka ng'ambo Kongo, hana wa kumsemea. Na kile kicheko cha mtumbwi ndo lilikua jibu lenyewe, tena wale vijana waliliandika pembeni ya fomu kabisa bila kulielewa. Sasa niambieni, huyo ukimpa vidonge vya usingizi umetibu nini? Alihitaji mtu ajue "moyo unadunda" kwa mama wa ziwani kunabeba nini, na mtu wa kukaa na ule ukoo. Mimi sikufundishwa yote mawili, nilibahatisha.

Dagaa wa Jua
Shikamoo mama. Ila umenisaidia mimi hapo, mzee wa mtaa angemaliza hio kesi jioni moja.

Nesi Mstaafu
Marahaba baba. Mzee wa mtaa alikua kaka wa marehemu. Ndo yeye anavua na ule mtumbwi.

Dagaa wa Jua
Duh.

Binti wa Kasulu
Asante mama, hapo ndo pananiuma mimi. Mnasifia wazee kama malaika, mwanamke amepigwa anapeleka siri kwa mzee, jioni siri iko kilabuni. Na kwa wakimbizi lugha nayo ina mambo yake, Warwanda baada ya 1994 walikua na neno lao ihahamuka, mtu hofu imemkata pumzi, majirani zetu Warundi nao wanalielewa. Mtu anakwambia hivyo we unaandika "msongo wa mawazo" unamwambia anywe maji.

Mwanachuo_Gungu
Kuna njia ya kati wadau. Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki wanasikiliza watu. Bibi walifundishwa kwanza namna ya kumsaidia mtu achague tatizo moja na hatua moja. Mwanzo benchi liliitwa la afya ya akili, watu wakalikwepa, bibi ndo wakasema badilisheni jina liwe la urafiki. Na ugonjwa wakauita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wa watu 573 yalitoka, waliokaa kwenye benchi baada ya miezi sita dalili zilikua zimepungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mkuu Dagaa ulitaka waliopona, hao hapo.

Dagaa wa Jua
Sawa nimekubali nusu. Ila ni bibi, sio digrii.

Mwanachuo_Gungu
Na nani aliwafundisha bibi, akapima kama inafanya kazi au porojo? Bibi bila huyo ni umbea, huyo bila bibi ni ile fomu ya mtumbwi.

Mwana Ujiji (mleta mada)
Nimemsomea baba yote mezani. Ile ya mzee na mtumbwi kanyamaza muda, inaonekana kuna mtu anamjua. Alafu kauliza kitu kimoja tu, hao bibi wa Harare wanalipwa?

Nesi Mstaafu
Kiposho. Walikua tayari wahudumu wa afya wa jiji. Mwambie baba hapo ndo akagombane na diwani, binti amuache akajaze fomu za chuo.