Mwanangu ana miaka mitatu na nusu haongei na ukimwita hageuki, naanzia wapi hapa Kigoma?

MamaWaGungu
Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana usiku silali. Mwanangu wa kiume alianza vizuri tu, mwaka na miezi mitatu anasema mama, anasema maji, ikafika mwaka na nusu hivi maneno yakakatika mpaka leo. Ukimwita jina hageuki lakini nikifungua biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Vifuniko vya soda anavipanga mstari kuanzia mlangoni mpaka uani, ukisogeza kimoja analia nusu saa. Chakula ni ugali na dagaa wa kukaanga basi, mgebuka wenye mchuzi wa mawese hata harufu hataki. Tukipita karibu na stesheni treni ikapiga honi anaziba masikio anajitupa chini, watu wanasimama kutuangalia kama nimemlea vibaya.

Ndugu wa mume wanasema ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akakatwe, bibi yake anasema ni jicho la mtu, jirani anasema ni chanjo ya surua. Kituo cha afya niliambiwa watoto wa kiume huchelewa, nisubiri, nimesubiri mwaka mzima. Tarehe 2 Aprili nikasikia redioni siku ya usonji (autism) duniani, walivyokuwa wanaelezea nikakaa chini maana ni kama wanamsema mwanangu. Ni kweli ni usonji? Na nilikosea wapi nikiwa na mimba yake?

NesiMstaafu
Pole mwanangu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalokutafuna: hukukosea popote. Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yuko tumboni na sehemu kubwa ni urithi wa vinasaba, sio malezi, sio jicho la mtu. Hiyo ya chanjo ilitoka Uingereza mwaka 1998, daktari mmoja Andrew Wakefield aliandika kwenye jarida la Lancet, baadae ikagundulika kazi yake sio ya kweli, 2010 jarida likaiondoa na yeye akafutwa kwenye rejesta ya madaktari. Surua inaua watoto, wadogo zake ukijaliwa usiache kuwachanja.

Udata msimkate kwa sababu hii. Hata mtoto mwenye udata akiitwa anageuka, anakuonyesha kitu kwa kidole, anakuangalia usoni. Wa kwako anaonyesha kwa kidole? Hicho ndicho watakuuliza.

Kama ni usonji hatuwezi kusema humu. Nenda hospitali ya mkoa ya Maweni uombe kuonana na daktari wa watoto, mwambie wazi kwamba alikuwa na maneno yakapotea, usilisahau hilo, halichukuliwi kirahisi, wataangalia na mambo ya kifafa pia. Masikio apimwe hata kama anasikia biskuti maana kuna mtoto anasikia sauti fulani na nyingine hazipati. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha, wanamwangalia mtoto na kukuuliza maswali mengi, kwahiyo mrekodi kwenye simu akiwa nyumbani sababu hospitali atalia tu hawataona kitu. Ikibidi watakupa rufaa, Bugando au Muhimbili.

BabaIsevya
Dada mimi nipo Tabora, binti yangu ana miaka tisa na ana usonji, nakuandikia nilichotamani mtu aniandikie mimi kipindi kile. Nilipoteza hela nyingi sana kwa dawa, kuna matone niliuziwa na mtu wa mtandaoni, kuna mzee alimchanja chale, nikauza mpaka mbuzi, na ukweli ni kwamba hakuna dawa inayoondoa usonji, atakaekwambia anayo anataka hela yako. Kilichotusaidia ni picha. Nilipiga picha kikombe chake, choo, sahani ya ugali, nikaprinti steshenari, nikabandika kwenye manila, tukamfundisha akitaka maji analeta picha ya kikombe, wiki tatu za kwanza alikuwa anazitafuna tu, mke wangu akataka kuacha, halafu siku moja jioni akaniletea ile ya kikombe akaniweka mkononi, aisee nilimpa maji huku nalia. Na usiogope kwamba picha zitamfanya mvivu wa kuongea, wetu maneno yalianza kuja baada ya picha. Pia acha kumuuliza "unataka nini" mara kumi, shika kikombe akione, sema "maji", nyamaza, msubiri.

Mtumishi_K
Mlete kwenye maombi dada, Mungu anaweza.

MamaWaGungu
Amina mtumishi, naomba kila siku na nitaendelea, na hospitali nitaenda pia.

MwalimuKasulu
Mimi nafundisha elimu maalumu. Mama, shule usisubiri afikishe miaka saba, nenda sasa hivi halmashauri umwone afisa elimu maalumu akwambie shule ipi ya msingi ina kitengo cha elimu maalumu, na ustawi wa jamii wamwandikishe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma, kwahiyo mwalimu mkuu akikwambia "huyu hafundishiki" usirudi nyumbani kimya.

Kingine hakuna aliyekigusa na kinanitisha, ziwa. Watoto wengi wenye usonji wanatoroka ghafla na wanapenda sana maji, na hatari hawaioni. Weka komeo juu asipofika, waambie majirani na vijana wa mitumbwi pale Kibirizi kwamba mtoto huyu akionekana peke yake wamshike mkono, ukimwita hatageuka. Andika namba ya simu ndani ya shati lake. Na akikua kidogo afundishwe kuogelea.

MamaWaGungu
Sikuwa nimeliwaza la ziwa, mwezi uliopita tulimkuta kashafika barabarani anaelekea huko huko. Baba yake anafunga komeo leo. Kwa kidole haonyeshi, ananishika mkono wangu anaupeleka kwenye kitu. Jumatatu naenda Maweni. Mama nesi, nimrekodi akipanga vifuniko au nikimwita?

NesiMstaafu
Vyote. Na huo mkono anaoupeleka, rekodi na huo.