Tupeane uzoefu: siku ulipowakutanisha sungura wako wawili

Mchicha wa Goba: Wakuu, habari za Jumapili. Binti yangu ana sungura jike, mweupe, miezi miwili na nusu. Jana nikamletea mwenzake wa umri huohuo, nikamtumbukiza bandani moja kwa moja. Dakika haikuisha, manyoya yametapakaa na mtoto analia. Mgeni nimemhamishia kwenye boksi la sabuni. Mliopitia haya, mliwazoesha vipi?

Banda la Bati: Umekosea hapo kwenye "moja kwa moja". Banda zima lina harufu ya mwenyeji, lazima alilinde. Wakutanishe mahali ambapo hakuna aliyewahi kukanyaga, bafuni au barazani, dakika kumi tu, kisha watenge. Kesho tena.

Mama wa Sokon: Mada imenitonesha. Mwaka jana nilinunua wawili, muuzaji akaniapia wote majike, dada wa tumbo moja. Walikuwa wanalala wamegandana, wanalambana masikio, nikawaacha banda moja kwa amani kabisa. Walipogonga miezi minne, mmoja akaanza kumpanda mwenzake na kumkimbiza. Nikasema ni michezo. Usiku mmoja, saa tisa, nikasikia ukelele ambao sikujua sungura anaweza kuutoa, kama wa mtoto mchanga aliyebanwa na mlango. Natoka na tochi, wamejiviringisha kama mpira. Nikaingiza mkono. Jino likazama kidoleni hadi nikaona nyama nyeupe. Mume wangu ndiye aliyekuja na ufagio wa chelewa, akaupenyeza katikati, wakaachana. Kumulika, mmoja mfuko wa korodani umechanika, damu hadi kwenye nyayo. Kumbe wote madume!

Nilikesha naye jikoni, yumo kwenye beseni nimemtandikia kitenge. Asubuhi daktari wa mifugo akamshona, akamchoma sindano, akanionya: sungura akimaliza nusu siku hajala wala hajanya, tumbo linasimama, na anaweza kufa. Nilimlisha majani ya viazi vitamu, jani moja moja, siku mbili. Akapona. Hadi leo wavu uko katikati yao na sijathubutu kuutoa.

Kitukuu: Huo ukelele naujua. Ukiusikia mara moja hausahauliki.

Banda la Bati: Pole sana mama. Kidole je?

Mama wa Sokon: Kilipona, kovu lipo. Asiingize mtu mkono mtupu.

Mfugaji 40: Mnawadekeza. Mimi nafuga wa nyama, majike ya miezi miwili nayachanganya sita sita na hakuna vita. Wakigombana, ndimu na mkaa vipo.

Kitukuu: Mtoto wa mwenzako analia, wewe unawaza mchuzi?

Mfugaji 40: Nawapenda kuliko unavyodhani, naamka saa kumi na moja kuwakatia majani. Ninachosema ni kwamba wakiwa wadogo wanazoeana haraka.

Bajaji ya Mbagala: Wangu niliwaweka tenga moja nikazunguka nao kwenye bajaji. Kwa woga wakakumbatiana. Kufika nyumbani, marafiki.

Banda la Bati: Ndugu yangu, hao hawakupatana, walikuwa wanaogopa kufa pamoja. Na kwa joto la Dar sungura anakata roho njiani. Usimfundishe mtu hivyo.

Bajaji ya Mbagala: Ilikuwa alfajiri, na wapo hai mpaka leo.

Wa Mji Mkongwe: Mimi nilitumia khanga kuukuu. Niliwaweka vizimba viwili karibu karibu, waonane wasifikiane, na kila jioni nikawabadilishia vitambaa vya kulalia. Baada ya wiki mbili nikawatoa pamoja nikamwaga majani mengi. Wakala bega kwa bega. Ukiona mmoja anainamisha kichwa na mwenzake anamlamba paji la uso, hapo umeshinda. Kukimbizana kidogo kuache. Masikio yakilala nyuma na mkia ukisimama, watenge upesi.

Mama wa Sokon: Mchicha, kabla ya yote hayo, hakikisha jinsia. Mshike chali, bonyeza taratibu kwenye sehemu ya siri. Jike utaona mpasuo kama mstari, dume kinatokeza kibomba cha mviringo.

Mchicha wa Goba: Nimetoka kuangalia, mke wangu kamshika. Mwenyeji mstari. Mgeni… kibomba.

Kitukuu: Haya sasa.

Mfugaji 40: Watenge leo. Aina ndogo huanza kupandana kwenye miezi mitatu na nusu, mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Nilianza na wawili, mwaka ukaisha nina 23.

Mchicha wa Goba: Mtoto keshampa jina, kumrudisha siwezi. Nikimhasi je?

Mama wa Sokon: Ndiyo, kwa daktari wa mifugo, na asimfungishe njaa kabla, sungura hafungishwi. Ila baada ya hapo usimrudishe kwa jike haraka. Mbegu hubaki, mpe wiki sita.

Mchicha wa Goba: Nitampigia daktari kesho. Binti anauliza kama katika hizo wiki sita wataruhusiwa kuonana kwenye wavu.

Wa Mji Mkongwe: Mwambie kila jioni. Na vitambaa asisahau kubadilisha.