Finwë alikosea kuoa mke wa pili? Mnasemaje

Nyota_ya_Jioni
Nimerudia The Silmarillion, kitabu cha Tolkien cha hadithi za Waelfi, kwa mara ya tatu, safari hii nikiwa na Morgoth's Ring, rasimu zake, pembeni, na kuna jambo linanikera hadi usingizi unaruka. Kwa waliosahau: Finwë, mfalme wa kwanza wa Wanoldor, kabila mojawapo la Waelfi, alimwoa Míriel. Míriel akamzaa Fëanor, na uzazi ule ukamkausha nguvu zote. Akaenda kulala kwenye bustani za Lórien, roho ikatoka ikaenda kwa Mandos, mtunza roho za wafu, mwili ukabaki pale mzima kama mtu aliyesinzia. Finwë akapeleka shauri kwa Wavala, wakuu wa kimungu wa dunia ile, wakajadili, wakamruhusu kuoa tena. Akamwoa Indis. Gharama yake: Míriel asirudi tena kwenye mwili, kwa sababu kwao hakuna mume mwenye wake wawili walio hai.

Mimi nasema alikosea, tena sana. Kifo cha Mwelfi si kifo chetu. Roho haitoki duniani, ipo, na inaweza kurudishiwa mwili. Kwa hiyo Finwë hakuwa mgane. Alikuwa mume wa mgonjwa. Mwanamume anayemfungia mgonjwa wake mlango ili aingize mwingine namwita msaliti. Tunamlaani Maeglin wa mji wa Gondolin kwa ule uchafu wa kumtamani binamu yake Idril, lakini Finwë tunampita kimya. Kwa nini?

Kapteni_Mstaafu
Míriel aliulizwa, mkuu. Rudia ukurasa. Aliulizwa kama yuko radhi kurudi, akasema harudi, na alijua jibu lake lina maana gani. Sasa ulitaka Finwë akae na mtoto mchanga na mwili usiosema neno mpaka dunia iishe? Hawa hawafi kwa uzee. Kwetu "nitakungoja milele" ni maneno ya kanga. Kwao ni milele kweli.

BintiShela
"Uchafu wa kumtamani binamu yake." Dada Nyota, nionyeshe uchafu uko wapi hapo.

Mama yangu ni binti wa mjomba wake baba yangu. Bibi na babu upande wa mama ni watoto wa ndugu wawili. Hapa Lamu nyumba ngapi zimejengwa hivyo, na watu wake ni watu wa heshima, wamesoma, wanaswali, wanalea. Wazee walisema binamu nyama ya hamu, hawakusema nyama ya haramu. Idril ni binti wa Turgon, Turgon ni kaka wa Aredhel, Aredhel ni mama yake Maeglin. Yaani ni mtoto wa mjomba, ndiye hasa ambaye kwetu huulizwa kwanza. Mseme Maeglin kwa kuiuza Gondolin kwa adui mkuu Morgoth, hapo nitawaunga mkono. Msitutukane sisi kwa kupitia yeye.

Simba_wa_Webuye
Dada wa Lamu, kila mtu na kwao, lakini kitabu kiko upande wa Nyota. Imeandikwa wazi kwamba Waeldar, yaani Waelfi hawa, hawakuoana na ndugu wa karibu namna hiyo, wala hakuna aliyewahi kutamani kufanya hivyo kabla yake. Na mimi naelewa. Kwetu Bungoma kabla ng'ombe hawajatoka bomani wazee wanauliza ukoo wa baba, ukoo wa mama, na koo za nyanya zote mbili. Ikigongana mahali, mambo yameisha. Mtoto wa mjomba ni dada yangu. Siwezi hata kufikiria.

BintiShela
Huwezi kufikiria kwa sababu hukulelewa hivyo. Sawa. Lakini "siwezi kufikiria" si hoja, ndugu yangu.

Tumaini_K
Kwani Galadriel na mumewe Celeborn si binamu pia? Nilisoma mahali, sikumbuki wapi.

Simba_wa_Webuye
Hapana. Celeborn ni mtu wa ufalme wa Doriath, jamaa wa mfalme Thingol. Galadriel ni Mnoldor, bintiye Finarfin. Hawahusiani kabisa.

Mwalimu_wa_Usiku
Wanahusiana, na Tumaini hakuota. Mama yake Galadriel ni Eärwen, binti wa Olwë wa Alqualondë, na Olwë ni ndugu yake Thingol. Katika simulizi moja Celeborn ni mjukuu wa Elmo, ndugu yao wa tatu. Hapo Galadriel na Celeborn ni wajukuu wa ndugu wawili. Katika simulizi nyingine, ile ya miaka ya mwisho ya Tolkien iliyomo kwenye Unfinished Tales ya 1980, Celeborn ni mjukuu wa Olwë mwenyewe. Hapo wote wawili wana babu mmoja. Binamu kamili, bila kupunguza.

BintiShela
Asante, Mwalimu. Haya, Simba, nakusubiri na Galadriel wako mtakatifu.

Simba_wa_Webuye
Simulizi ambayo mwandishi hakuimaliza haifuti The Silmarillion iliyochapwa 1977. Na usiniwekee neno mdomoni, sijamwita mtakatifu.

Mwalimu_wa_Usiku
Mkishamaliza hilo, nielezeni Arwen, binti wa Elrond, aliyeolewa na Aragorn. Elrond na Elros ni mapacha. Elrond akachagua kuwa Mwelfi, Elros akachagua kuwa binadamu, akawa mfalme wa kwanza wa Númenor. Aragorn ni wa uzao wa Elros. Tuhesabu kwa Kiswahili: Elros ni baba mdogo wa Arwen. Watoto wa Elros ni kaka na dada zake. Kwa hiyo mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, endelea kushuka mpaka maneno yaishe, ndipo unamkuta mumewe. Watu wa mbali wanasema undugu umepotea kwa makumi ya vizazi. Lakini umepotea upande wa binadamu tu. Upande wa Arwen kimepita kizazi kimoja tu, baba yake aliyemkumbuka Elros kwa sura bado yuko hai na ndiye anayetoa idhini.

Tumaini_K
Sijawahi kuliona hivyo. Nimekaa kimya dakika tano.

Kapteni_Mstaafu
Tena Elrond ndiye aliyemlea huyo kijana tangu akiwa na miaka miwili. Halafu akamwambia hampi binti mpaka awe mfalme wa Gondor na Arnor. Thingol naye alidai kito cha Silmaril kutoka taji la Morgoth. Wakwe wa Kielfi wanajua kutaja mahari.

Simba_wa_Webuye
Arwen kazaliwa mwaka 241 wa Enzi ya Tatu, Aragorn 2931. Mwalimu, unalazimisha undugu ambao hata wazee wa Bungoma wangeuacha upite.

Mwalimu_wa_Usiku
Sijasema wasioane. Nasema mtu asiyekufa hana ndugu wa mbali. Hilo ndilo linalofanya ndoa zao ziwe nzito, na ndilo Nyota aliloanza nalo kabla hatujahamia Lamu.

MamaWawili
Nimesoma kurasa zote nikingoja mtu amtaje Indis kwa wema. Hakuna.

Nimelelewa na mama wa kambo. Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka minne. Yule mama alinikuta nikiwa mkali, nikimrudishia sahani, nikimwita kwa jina lake mbele ya wageni, na hakunyanyua mkono hata siku moja. Kwa hiyo Nyota unaposema "aliingiza mwingine", huyo mwingine ni mtu. Indis alimpenda Finwë muda mrefu kabla, akazaa Fingolfin na Finarfin, akaishi kwenye nyumba ambayo mtoto wa kwanza hakumtaka yeye wala wanawe. Fëanor alipomtolea Fingolfin upanga na kufukuzwa mji wa Tirion kwa miaka 12, Finwë alimfuata hadi Formenos. Indis akaachwa nyuma. Kisha Finwë akauawa hukohuko na Morgoth. Nani alimlilia Indis? Humu mnabishana juu ya nyama ya hamu.

Nyota_ya_Jioni
MamaWawili, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Neno "mwingine" nalirudisha, halikumstahili Indis. Na BintiShela, "uchafu" nalo nalirudisha, niliandika kwa hasira za Finwë likakupata wewe.

Lakini Finwë mwenyewe simrudishii. Mimi nilikuwa na miaka tisa baba alipooa, miezi mitano baada ya mazishi. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia. Nilitoka shule nikakuta viatu vya mwanamke mlangoni, nikadhani mama amerudi. Kwenye baraza la Wavala kila mtu alisema neno lake. Aliulizwa Míriel, alisikilizwa Finwë, wakabishana wakubwa juu ya sheria. Fëanor nani alimuuliza? Siku hizi hilo ndilo ninalolitafuta kwenye kitabu, na silioni.

Kapteni_Mstaafu
Pole sana, dada. Sikujua.

Lakini nalo hili uliweke kwenye mizani: alipofika kwa Mandos, Finwë alimkuta Míriel, na alikubali yeye abaki mule milele ili Míriel arudishiwe mwili. Míriel akarudi, akaenda kusuka kwenye nyumba ya Vairë, mke wa Mandos, akisuka habari za ukoo wake wote, wabaya na wazuri. Mwanamume huyo alilipa.

Nyota_ya_Jioni
Alilipa kwa Míriel. Nakubali. Fëanor alikuwa na deni lake mwenyewe.

MamaWawili
Na Indis je?

BintiShela
Nyota, yameisha, dadangu, na pole kwa mama.

Simba, wewe sijamalizana nawe. Idril hakumtaka Maeglin. Tangu mwanzo alimwona kijana ana kitu kilichopinda ndani, akamkwepa, akaolewa na Tuor. Hata angekuwa mtoto wa mjomba wa Lamu nzima, binti akisema hapana, ni hapana. Bibi yangu alikataa watoto wawili wa mjomba kabla ya kumkubali babu. Kalitafute tena lile neno lako la "hawakuoana", halafu uniambie Idril alimkimbia kwa ukoo au kwa macho yake.