Nimetakiwa kulipia kilo kumi na moja na nusu za hewa, kisha kikapu changu kikaitwa tenga la kuku

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika haya nikiwa ndani ya daladala, boksi likiwa mapajani, na konda ameshaniuliza mara mbili ni nani anayemlipia nauli mwenzangu huyu. Sikumjibu, kwa sababu nikifungua mdomo nitalia mbele za watu, na kwa leo nimekwisha kuchekwa vya kutosha.

Kikapu changu kimeitwa tenga la kuku.

Waliokiita hivyo sitawataja, wala hakuna haja. Mtu yeyote humu aliyewahi kutuma bidhaa nje ya nchi anawajua, na ambaye bado hajawajua, aendelee kuuza mtaani kwao, Mungu amempenda. Ni wale wale wa kusafirisha mizigo kwa haraka, ambao haraka yao huanza baada ya mteja kusimama kwenye foleni saa moja na nusu, mbele ya madirisha matatu yenye kijana mmoja.

Ninauza mtandaoni vikapu vya milulu vya Iringa, vile vinavyosukwa na akina mama kwa mkono tangu mwanzo hadi ukingo wa juu. Mteja wangu wa Hamburg alinilipa euro 35 kwa kikapu kimoja kikubwa, maana anataka kutia chungu cha maua ndani yake na kukiweka sebuleni. Nikakifunga kwa karatasi, nikakitia kwenye boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 35, nikalipima kwenye mizani ya mangi: gramu 900, boksi, kikapu, selotepu na jina la mteja vikiwa pamoja.

Kijana wa dirishani aliliweka boksi kwenye mizani yake, akaona gramu 900 zile zile, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akatoa futi, akapima urefu, upana na kimo, akabonyeza kalkuleta na kunitangazia kwamba mzigo wangu una kilo 11.5. Nilipomwonyesha mizani yake mwenyewe, alinijibu kuwa ile ya mizani ni kilo ya kwangu, na zile 11.5 ni kilo za ndege. Bei yake ikawa laki saba na ushee, kwa kikapu ambacho euro zake 35 ni kama shilingi laki moja. Nikauliza kilo hizo nyingine zote ni za nini, akasema ni za nafasi. Nafasi ni hewa, ndugu zangu. Hewa ile ni ya Mbagala, niliifunga mwenyewe asubuhi, na kama ningejua ina thamani kiasi hicho nisingehangaika na vikapu. Ningesafirisha maboksi matupu na sasa ningekuwa na ghorofa.

Hayo yote ningeyameza. Lakini akafungua boksi. Hakuniomba ruhusa, alisema ni ukaguzi, akachana selotepu kwa ufunguo wa pikipiki, akakitoa kikapu, akakigeuza kitako juu, akakipigapiga kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu akawauliza wenzake wa ndani kwa sauti ya mnadani: "Jamani, hili tenga la kuku ndilo linalokwenda Ulaya kweli?"

Foleni nzima ilicheka. Mlinzi alicheka hadi akaegemeza kirungu ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua hati zake, ambaye nilikuwa nimempisha mbele yangu kwa heshima ya mvi zake, alicheka kuliko wote.

Tenga la kuku! Tenga lina matundu ili kuku atoe kichwa apate hewa, na kikapu changu hakipitishi hata kijiti cha kiberiti. Hivi mtu aliyesoma, amevaa tai, ana futi na kalkuleta, anashindwaje kutofautisha usukaji wa milulu na fito za kubebea mitetea? Kila nikifumba macho namwona anakipigapiga kitako, na kila ninapokumbuka waliocheka huongezeka. Sasa hivi ninaamini hata pangaboi lilisimama kidogo likacheka.

Nilikusudia kuuliza kama kuna njia nafuu ya kupeleka bidhaa ndogo nje kwa sisi wauzaji wa mtaji mdogo. Lakini kwa sasa ninachotaka ni mjue tu kwamba ameniita muuza matenga.

Dada wa Milulu

*

Kibatari aliandika:

Pole sana, dada yangu. Nimesoma yote kwa masikitiko makubwa, na nina swali moja tu kabla wengine hawajaingia: tenga hilo unaliuzaje? Nina mitetea sita inayotakiwa kufika Morogoro kesho.

Mzee wa Rejista aliandika:

Binti yangu, kijana yule hana adabu, ila hesabu yake ni sahihi. Kampuni za haraka kwa kawaida huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi lako ni sentimita za ujazo 56,000, ambazo zikigawanywa hutoa kilo 11.2, nao huzipandisha hadi nusu kilo inayofuata. Kati ya uzito wa mizani na uzito huo wa ujazo, hutoza ulio mkubwa. Kwa hiyo hakukuonea wewe, ameionea hewa.

Kosa ni lako, ulikwenda mahali pasipo pako. Muuzaji mdogo njia yake ni ile ya barua, inayoitwa kifurushi kidogo, ambayo ipo katika nchi zote zilizo ndani ya Umoja wa Posta Duniani na hupokea mzigo usiozidi kilo 2. Huko hutozwa kwa mizani, si kwa futi. Sharti ni kwamba urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande wowote usizidi 60. Lako linafika 115, kwa hiyo hata huko wangekurudisha, japo kwa maneno mazuri zaidi. Kata boksi, lipia rejista, yaani mzigo usajiliwe, utapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni, na mteja wako atafuatilia mwenyewe huko Hamburg. Nimetuma vifurushi kwa njia hiyo tangu ukiwa shule ya msingi.

Dada wa Milulu aliandika:

Shikamoo, mzee wangu. Ushauri nimeupokea, ila sikuja kufundishwa kuzidisha, nilikuja kuhurumiwa. Boksi nitalikataje, na kikapu cha milulu ni kigumu, ukikikunja kinavunjika kama kaukau? Tena ninaona umepita mbio juu ya jambo lenyewe. Alikigeuza kitako juu. Mbele ya watu. Akakipigapiga.

Mzee wa Rejista aliandika:

Marahaba. Basi uza vikapu vidogo, au uza vitatu vya kuingiana kama sufuria, kikubwa, cha kati na kidogo, ili hewa ile ile ilipiwe na vikapu vitatu. Mambo ya kupigapiga siyawezi.

Binti Ukili aliandika:

Hamjambo nyote. Mimi niko Unguja, nashona mikoba ya ukili, nayo hulala kama chapati: naikunja, naitia bahasha, haifiki nusu kilo. Kwa hiyo bei ya kupeleka hainisumbui, wala sijapata kuitwa tenga. Lakini nyinyi mnaolia mlangoni hamjui kilio cha huko mwisho wa safari.

Zamani mzigo usiozidi euro 22 uliingia nchi za Umoja wa Ulaya bila kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo uliondolewa tarehe 1 Julai 2021, na tangu siku hiyo hata mkoba wa euro 18 unadaiwa. Mteja wangu wa Ufaransa alibishiwa hodi, akaambiwa atoe kodi pamoja na ada ya kushughulikia mzigo, naye akaona ametapeliwa, akakataa kupokea. Mkoba ulirudi kwangu baada ya miezi mitano, umegongwa mihuri kila mahali mpaka jina langu halisomeki. Mkoba umetembea Ulaya, mimi niliyeushona sijavuka Chumbe. Mteja nilimrudishia pesa zake, na bado aliniandikia kwamba mimi ni mwizi. Sasa nani mwenye haki ya kulia hapa?

Shanga na Waya aliandika:

Mwenye haki hiyo ni mimi, naomba mnipishe. Natengeneza hereni za shanga Arusha, jozi moja ina gramu 30 pamoja na kadi yake, na karibu wateja wangu wote walikuwa Marekani, kwa sababu huko mzigo wa hadi dola 800 ulikuwa ukiingia bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulifutwa kwa nchi zote. Siku zile posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko, maana hazikuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru kabla ya mzigo kuondoka. Nilikuwa na bahasha 14 zimekwisha kufungwa, zimeandikwa majina, zimelambwa gundi. Nilizipanga kitandani, nikalala sebuleni.

Dada wa Milulu, wewe umetajiwa bei ukaikataa, ukarudi na kikapu chako kizima. Mimi sikupata hata wa kunicheka.

Kibatari aliandika:

Bei ya tenga bado haijatajwa, na mitetea inaniangalia.

Dada wa Milulu aliandika:

Kibatari, ninakuheshimu kwa sababu sikujui.

Shanga na Waya, pole kwa bahasha 14, lakini bahasha hazina aibu. Mimi nilipakia kikapu upya pale pale kaunta, selotepu imechanika, mikono inatetemeka, na yule mzee wa mvi akanisaidia kushikilia boksi huku bado anacheka. Niliona fizi zake.

Mpitaji Muscat aliandika:

Nimewasoma wote mkitafuta posta ya bei nafuu. Posta hiyo ipo, na posta hiyo ni mimi. Kila nikisafiri kati ya Muscat na Unguja naanza na begi langu lenye nafasi, na siku ya safari nafasi hiyo imejaa mizigo midogo tu: shangazi ana mzigo mdogo tu, jirani wa shangazi ana mzigo mdogo tu, na mwanamke nisiyemjua amefika uwanja wa ndege akitokwa jasho, ana mzigo mdogo tu wa mbata na mkeka wa futi sita kwa ajili ya mwanawe, ambaye naye simjui. Mwaka jana niliacha viatu vyangu uwanjani ili mkeka upite. Na mzigo usioufunga wewe mwenyewe ukikutwa na kitu, anayeulizwa ni mbebaji, siyo shangazi. Bado sijaitaja halwa inayonisubiri safari ya kurudi.

Shanga na Waya aliandika:

Mkeka wa futi sita kwa kalkuleta ya yule kijana ungekuwa na uzito wa ng'ombe.

Mzee wa Rejista, naomba kuuliza jambo. Kuna mtu alinishauri niandike "zawadi" kwenye fomu ya forodha ili mteja asidaiwe. Nimefanya hivyo mara kadhaa kwa wateja wa Uingereza. Kuna ubaya?

Mzee wa Rejista aliandika:

Ubaya upo mkubwa, na usiyaandike mambo haya hadharani. Kitu kilichouzwa si zawadi, na kutamka uongo kwenye fomu hiyo, CN22, ni kosa ambalo mzigo wako unaweza kukamatwa kwa ajili yake. CN22 ni ile ndogo ya kubandika kwa bidhaa za thamani ndogo. Thamani ikizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), ambazo ni kama dola 400 hivi, unajaza ile kubwa, CN23. Uandike kitu kwa jina lake: hereni za shanga na waya, jozi mbili, thamani yake hii, uzito wake huu. Usiandike "bidhaa", usiandike "vitu". Siku hizi maelezo hayo hutumwa kwa kompyuta kabla ya mzigo kufika, na mzigo wenye maelezo ya ovyo husimama. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "mapambo" nikidhani inatosha, kifurushi kikakaa wiki saba, na kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa mtandao uko chini. Siku moja nilimkuta karani anatazama mpira kwa mtandao huo huo uliokuwa chini.

Binti Ukili aliandika:

Wiki saba ni chache, mzee. Kwetu mtandao ukiwa chini, huwa na karani naye kaenda nao.

Mwenye Sanduku aliandika:

Kwa kuwa yametajwa ya makarani: mimi hulipia sanduku la posta kila mwaka bila kukosa, na barua za jirani yangu wa sanduku zinaingia kwangu, zangu hazionekani popote. Ninajua habari zote za benki ya mtu huyo. Ana deni.

Mzee wa Rejista aliandika:

Hilo nalo lina utaratibu wake. Zirudishe dirishani bila kuzifungua.

Mwenye Sanduku aliandika:

Nilizirudisha, zikaingia tena kwangu.

Kibatari aliandika:

Mitetea imekwenda kwa bodaboda hadi stendi, imepanda basi la saa kumi na mbili. Tenga silihitaji tena, ahsanteni.

Binti Ukili aliandika:

Ndugu yetu wa Muscat, safari yako ijayo ya kuja Unguja ni lini? Nina mzigo mdogo tu.