Malindi–Mombasa–Tanga kwa baiskeli: goti linauma, mwenzangu kaanguka, mvua haikatiki. Tuendelee?

Pedeli_za_Pwani (mwenye uzi)

Salaam aleikum. Tuko wawili, tumeingia Mombasa jana kutoka Malindi. Mpango ni kuvuka Likoni keshokutwa, tulale Msambweni, kisha tuvuke mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga na Horohoro, hadi Tanga. Baiskeli ni za mtumba: magurudumu ya inchi 26, tairi 1.95, breki za raba zinazobana rimu, sahani tatu mbele (meno 42, 32 na 22), saba nyuma (14 mpaka 28). Mzigo kilo 14 kila mmoja, wote juu ya karia ya nyuma.

Goti langu la kulia linauma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Lilianza maeneo ya Kikambala, na sasa kushuka ngazi ni taabu kuliko kupanda. Halijavimba. Mwenzangu aliteleza Mtwapa kwenye tuta lililopakwa rangi, lami ikiwa imelowa, akajikinga kwa kiganja. Amechubuka kiwiko na paja, na mkono unamuuma upande wa gumba ingawa kikombe anakishika vizuri. Kichwa hakikugonga popote. Tunameza diclofenac asubuhi na jioni.

Mvua ndiyo hii ya Mei mnayoiona. Tuendelee, tungoje, au tukate safari? Naomba majibu ya kina. "Pole, jikazeni" tumeshapewa za kutosha nyumbani.

Nesi_Tudor

Mkono ndio utakaoamua safari hii, si goti wala mvua. Mwambie mwenzako ainue gumba kwa nguvu. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba, patatokea kishimo kidogo kati ya kano mbili. Bonyeza humo kwa ncha ya kidole. Akishtuka kwa maumivu, au akiumia ukisukuma gumba lake kurudi kwenye kifundo, chukulieni kwamba kuna kijifupa kimevunjika hadi daktari aseme sivyo. Kijifupa hicho hupata damu kidogo, na kisipofungwa mapema kinaweza kisiunge kabisa. Kushika kikombe si kipimo.

Nendeni Hospitali Kuu ya Pwani au kokote penye eksirei, leo. Na mjue hili kabla ya kuingia: picha ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo. Kwa hiyo wakiwa na shaka humfunga gango linaloshika mpaka gumba, kisha picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Asilifungue kwa sababu "picha haikuonyesha kitu".

Michubuko: maji safi mengi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, mpaka mchanga wote utoke. Changarawe ikibaki ndani, ngozi itafunga juu yake na kuacha doa jeusi la kudumu, mbali na usaha. Isiyotoka kwa maji, isuguliwe taratibu kwa gozi iliyolowa. Inauma, lakini siku ya kwanza ndiyo rahisi. Spiriti msimwagie, inaunguza nyama mbichi na haiharakishi kupona. Halafu gozi yenye mafuta ya Vaselini (duka la dawa wanayo), juu yake gozi kavu, juu bandeji. Badilisheni kila siku, na kila ikilowa. Kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu wake hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikauke na kupasuka kila akikunja kiwiko. Baharini asiingie, na maji ya mafuriko yaliyotuama barabarani ayaepuke.

Aulizwe pia chanjo ya pepopunda. Kwa kidonda chenye uchafu wa barabara, ikiwa ya mwisho imepita miaka 5, achomwe tena. Wekundu ukitambaa kutoka kwenye kidonda, ngozi ikiwa ya moto, usaha au homa: arudi hospitali, asingoje.

Hiyo diclofenac acheni wote wawili. Kwanza inaficha maumivu, mnazidi kuumiza kinachouma. Pili, mkiwa mmekaukiwa na maji inaelemea figo. Tatu, na hii watu wa Mombasa tunaisahau kila msimu: mvua huleta mbu, na mji huu umeshapata milipuko ya homa ya denge zaidi ya mara moja (2013, 2017, 2021). Ukiwa na denge, diclofenac, ibuprofen na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpanda baiskeli aliyechoka huona homa na maumivu ya mwili akadhani ni safari tu. Mezeni paracetamol, gramu 1 kwa mara, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Homa ikitokea, pimeni malaria na denge.

MtotoWaKongowea

Mkono huo mpelekeni kwa mkandaji. Mafuta ya nazi ya moto, siku tatu, amepona.

Nesi_Tudor

Hapana, kaka. Mfupa ukiwa na ufa, kukandwa kunausogeza, na ufa unageuka kuwa vipande viwili. Baada ya picha ya pili kuwa safi, mkandaji ruhusa.

FundiMajengo

Mkono umeshapata wenyewe. Mimi niseme goti.

Linalouma mbele chini ya pia, kwa mpanda baiskeli, mara nyingi ni siti iliyo chini au gia nzito. Kwako nadhani ni yote mawili. Fremu za mtumba zina ugonjwa huu: bomba la siti huteleza kidogo kidogo likipata maji ya mvua na mzigo, na mwenye baiskeli hajui. Likishuka sentimita moja na nusu ndani ya kilomita 100, goti linakunjwa zaidi kila mzunguko, na pia ya goti inasuguana na mfupa wa paja.

Pima hivi. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino (si kidole) juu ya pedeli, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke kabisa bila nyonga kuinamia upande. Goti likibaki limekunjwa, siti iko chini. Pandisha milimita 3 mpaka 5, endesha kidogo, pima tena. Usipandishe sentimita mbili kwa pigo moja, maumivu yatahamia nyuma ya goti. Ukimaliza, zungushia bomba utepe wa umeme pale linapoingilia kwenye fremu. Utepe ukianza kuachana na fremu au kukunjamana, bomba limesogea. Likiendelea kuteleza, lifute grisi, safisha ndani ya shingo ya fremu kwa kitambaa kikavu, na angalia kama ni la kipenyo chake. Mabomba ya kubahatisha yenye kipande cha kopo ndani ndiyo wahalifu wakubwa.

Sasa gia. Nabashiri ulikuwa kwenye 42 mbele na 14 nyuma, kwa sababu barabara ya Malindi ni tambarare na hapo gia inaonekana nyepesi. Kwa tairi yako, gia hiyo inakwenda karibu mita 6.15 kila ukizungusha pedeli mara moja. Upepo ukikupunguza mpaka kilomita 16 kwa saa, unazungusha mara 43 tu kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi na gunia. Weka 32 mbele na 18 nyuma: kasi ile ile, mizunguko 73. Nguvu ni ile ile, lakini goti linaipokea vipande vidogo vidogo. Lenga 80 penye tambarare, na ukishuka chini ya 60, badilisha gia kabla hujaanza kusukuma kwa mabega.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mara tatu kwa siku. Kaa chini, nyoosha mguu, kaza paja sekunde 10, legeza, mara 10. Pumzika siku 4 au 5, halafu jaribu kilomita 10 bila mzigo. Maumivu yakiwa madogo na asubuhi yake yameisha, ongeza. Goti likivimba, likikwama au likikukatika ghafla ukitembea, hilo halihusiani na siti. Kwa daktari.

Baharia_Mstaafu

Hakuna aliyetaja upepo. Huu ni msimu wa kusi. Tangu Aprili mpaka Septemba hivi upepo wa pwani unatoka kusini na kusini-mashariki. Nyinyi mmetoka Malindi kuja Mombasa, karibu kilomita 120, mkiwa mmeupa uso njia nzima, na sasa mnataka kuongeza nyingine 165 kuelekea upande ule ule. Goti halikuumwa bure.

Geuzeni safari. Mkishapona, pandeni basi na baiskeli zenu hadi Tanga, mwendeshe kurudi Mombasa. Kusi atakuwa mgongoni. Barabara ni ile ile, mipaka ile ile, Msambweni iko pale pale, na kazi inapungua sana. Wenye majahazi walikwenda na upepo wakarudi na upepo, sioni kwa nini baiskeli ishindane nao.

Ondokeni saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mchana upepo wa bahari huongeza nguvu, na kutoka saa nane kuendelea mtajuta. Mei ndiyo kilele cha mvua ya masika huku kwetu. Juni inapungua ingawa haikatiki. Kama mkono wa mwenzako unataka wiki mbili za gango, mvua nayo itakuwa imelegea. Nyote mnangoja kitu kimoja.

BintiMikindani

Naunga mkono kugeuza. Niongezee ya kuendesha kwenye mvua, maana hata Juni itawanyeshea.

Lami ni mbaya zaidi dakika 10 mpaka 15 za mwanzo wa mvua, mafuta ya malori na vumbi vikipanda juu ya maji. Pumzikeni hapo, chai kikombe kimoja. Rangi nyeupe, matuta yaliyopakwa, vifuniko vya chuma na ulimi wa feri ya Likoni: havina mshiko kabisa vikilowa. Kwenye feri shukeni, msukume. Barabarani, ukilazimika kupita kwenye rangi, baiskeli iwe wima, usikate kona, usifunge breki juu yake. Punguza mwendo kabla.

Raba za breki zikilowa hazishiki kwa mzunguko mmoja au miwili wa gurudumu. Zigusishe mapema kidogo ili zifute maji, kisha bana. Mzigo wote uko nyuma kwenu, kwa hiyo mbele ni pepesi: hamisheni kilo 4 au 5 mbele kwenye usukani, vitu laini kama nguo na hema. Tairi mkiziweka pauni 45 pakavu, shusheni hadi 37 au 38 mvua ikinyesha. Chini ya hapo, kwa mzigo huo, tyubu itabanwa na rimu kwenye shimo na kutoboka matundu mawili sambamba. Na tyubu ya akiba chukueni mbili kila mmoja, sababu kiraka hakishiki kwenye mpira wenye unyevu, upige msasa utakavyo.

Jioni: raba za breki zichokoeni mchanga na vipande vya alumini kwa ncha ya kisu, la sivyo vinakula rimu. Mnyororo ufute, tone moja la mafuta kwa kila kiungo, subiri, ufute tena nje. Oili chafu ya gari hapana. Inabeba mchanga, na kwa chumvi ya hewa yetu mtakuwa na msasa unaozunguka. Toeni bomba la siti, pindueni fremu, maji yamwagike. (Mkilirudisha, utepe wa Fundi!)

Koti la plastiki katika joto hili mtalowa kwa jasho badala ya mvua. Loweni tu, muwe na fulana kavu kwenye mfuko usiopitisha maji. Chupi au bukta mbichi msikae nayo mkishafika. Vipele vya makalioni vinaweza kusimamisha safari kuliko goti.

Radi: kati ya mwanga na ngurumo zikiwa chini ya sekunde 30, tafuteni nyumba au gari, si mwembe wala mnazi, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Tairi za mpira hazikingi kitu. Maji yanayotiririka juu ya barabara yakifika kifundo cha mguu, geukeni. Mkifika Lunga Lunga msishawishike kuchepuka kwenda Vanga bila kuuliza wenyeji kwanza, Mto Umba hufurika huko.

Pedeli_za_Pwani

Ahsanteni sana. Tumetoka hospitali. Kishimo cha gumba kimeuma, picha safi, amefungwa gango na kuambiwa arudi siku ya 12. Pepopunda amechomwa. Siti yangu kweli ilikuwa chini, utepe umeshafungwa. Tumekubali kugeuza. Swali moja tu: baiskeli kwenye buti la basi zipangweje zisifike zimepinda? Na akirudi barabarani mkono utamsumbua?

FundiMajengo

Ongea na kondakta siku moja kabla, baiskeli ziingie mwanzo na zitoke mwisho. Toa gurudumu la mbele, na katikati ya miguu ya uma weka kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 10, uma usibanwe. Geuza usukani uwe sambamba na fremu. Laza upande wa mnyororo juu, kamwe isilalie gia. Kile kichuma kinachobeba mnyororo nyuma kikipinda milimita chache, gia hazikai tena. Gurudumu lifunge ubavuni mwa fremu kwa kamba ya mpira, leso kuukuu katikati zisisuguane. Pedeli zitoe: spana namba 15. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa kama kawaida, ya kushoto ni kinyume chake, inafunguka kwa kufuata saa. Wengi hulazimisha ya kushoto wakaua uzi wa mkono wa pedeli, na huo Tanga utautafuta kutwa nzima. Paka grisi kidogo kabla ya kurudisha.

Nesi_Tudor

Mkono: picha ya pili ikionyesha ufa, hesabuni wiki 6 au zaidi, na hapo goti lako litakuwa limeshasahau. Ikiwa safi, aanze bila mzigo, na usukani uinuliwe sentimita 2 au 3 uzito upungue viganjani. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi njiani, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani. Abadilishe mahali pa kushika kila dakika 10, na ganzi isipoisha usiku asiendelee kesho yake.

Mkishaingia Tanga, mkihitaji daktari iko Hospitali ya Bombo. Upande huu Msambweni wana hospitali ya rufaa ya kaunti, karibu nusu ya njia ya kutoka mpakani mpaka Likoni. Kwa dharura Kenya ni 999 au 112, gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu 1199.